Swichi ya poli mbili iliyoandikwa ampea 20: inabeba 20, 40 au 10?

Swali la msomaji:

"Nina swichi ya poli mbili ninayotaka kuifunga kwa ajili ya hita ya maji. Hita imeandikwa wati 6,000 kwa volti 230, na swichi imeandikwa 20 A 250 V~. Fundi wa kwanza aliniambia kwamba swichi inatosha na inabaki, kwa sababu poli mbili za ampea 20 ni ampea 40, na kwamba kama nina wasiwasi basi waya wa moto upitishwe kwenye poli zote mbili kwa pamoja. Fundi wa pili alisema kinyume chake: ampea 20 ni za swichi nzima, kwa hiyo kila poli ni ampea 10 tu. Nilichanganyikiwa zaidi nilipoangalia swichi ya kuzungusha ya pampu yetu ya fezi tatu, ambayo ina maandishi mengi: Ith 40 A, AC-21A 40 A, AC-23A 22 A. Hiyo nayo inabeba ngapi hasa? Na je, swichi kama hizi zinafaa kwenye mfumo wa paneli za jua na betri?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na jambo la haraka ili usije ukafunga swichi hiyo kabla hujamaliza kusoma: kila poli ya swichi yako inabeba ampea 20, si 40 wala 10, na hita yako inavuta ampea 26 na ushee. Swichi ni ndogo kwa kazi hiyo. Ushauri wa kuunganisha poli mbili kwenye waya mmoja usiufuate, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa naona ndilo wazo lililokuvutia, na halikuvutii wewe peke yako.

Poli ni njia moja ya umeme ambayo swichi inaikata na kuiunganisha. Swichi ya kawaida ya taa ina poli moja, yaani inakata waya wa moto pekee na kuiacha nyutro ikipita moja kwa moja. Swichi ya poli mbili ina jozi mbili za kontakti, yaani vipande vya madini vinavyogusana ili umeme upite, zinazoendeshwa na kitufe kimoja, moja kwa waya wa moto na nyingine kwa nyutro, na katikati yake kuna kihami kinachozitenga kabisa. Ya poli tatu hukata fezi tatu, na ya poli nne hukata fezi tatu pamoja na nyutro. Tafadhali usiichanganye na swichi ya njia mbili, ile inayowekwa juu na chini ya ngazi ili taa iwashwe kutoka pande zote mbili; hiyo ina poli moja tu, ila inachagua kati ya waya mbili.

Kwa nini basi poli mbili zisihesabiwe kuwa ampea 40? Fikiria ukumbi wenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kila dakika watu ishirini wanaingia kwa mlango wa kwanza, na watu haohao ishirini wanatoka kwa mlango wa pili. Hakuna mtu atakayesema kwamba ukumbi huo unapitisha watu arobaini kwa dakika kwa sababu una milango miwili, na vilevile hakuna atakayesema kwamba kila mlango unapitisha watu kumi. Mkondo wa umeme unaokwenda kwenye hita kupitia waya wa moto ni uleule unaorudi kupitia nyutro. Ampea 20 zikipita poli ya kwanza, ampea 20 zilezile zinapita poli ya pili. Fundi wa kwanza aliwahesabu watu walewale mara mbili, na fundi wa pili aliwagawa kana kwamba nusu yao huingia kwa kila mlango. Namba iliyoandikwa kwenye swichi ni ya kila poli, ikiwa poli zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo sitaki kumdharau fundi wa kwanza, kwa sababu kosa lake lina mzizi wa ukweli. Kwenye fezi tatu, swichi ya poli tatu ya ampea 25 hupitisha nguvu mara tatu ya ile ya fezi moja: volti 230 mara ampea 25 mara tatu, ambayo ni takriban kilowati 17 kwa mzigo wa kupasha joto. Nguvu imeongezeka kwa sababu kila poli imebeba mkondo wa fezi yake, lakini hakuna poli hata moja iliyovuka ampea 25. Hali kadhalika katika mifumo ya Amerika Kaskazini, ambako nyumba hupata waya mbili za moto zenye volti 120 kila mmoja na volti 240 kati yao, breka ya poli mbili ya ampea 20 hupitisha wati 4,800 badala ya 2,400. Hapo kilichoongezeka ni volti. Mtu akiona "poli mbili, nguvu mara mbili" ni rahisi akahitimisha "poli mbili, ampea mara mbili", na hapo ndipo hesabu inapopotoka.

Ili uone kwa nini namba ya ampea haichezewi, inabidi tujue inatoka wapi. Inatokana na mambo mawili, joto na cheche.

Joto kwanza. Mahali kontakti mbili zinapogusana pana ukinzani mdogo sana, unaopimwa kwa sehemu za elfu za omu, kwa kuwa kwa hakika nyuso hizo hazigusani kote bali kwenye vivimbe vichache visivyoonekana kwa jicho. Mkondo unapopita hapo hutoa joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: ukizidisha mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Tuseme kontakti ina ukinzani wa miliomu 2. Kwa ampea 20 inatoa wati 0.8, na kwa ampea 26 za hita yako inatoa wati 1.35, yaani karibu asilimia 70 zaidi. Wati moja na theluthi haisikiki kuwa kitu. Lakini hita ya maji huwaka kwa muda mrefu mfululizo, swichi imefungiwa ndani ya kisanduku kisicho na hewa, na joto huozesha uso wa kontakti na kulegeza springi inayozibana. Ukinzani unapanda, joto linapanda nao, na joto hilo jipya linapandisha ukinzani tena. Kontakti iliyofikia miliomu 20 kwa mkondo huohuo wa ampea 26 hutoa wati zaidi ya 13. Hizo zikiwa ndani ya kijisanduku cha plastiki ni pasi ndogo ya kuunguza ukuta.

Cheche ni jambo la pili, na hujitokeza wakati wa kuzima. Kontakti zinapoanza kuachana, umeme haukatiki papo hapo. Unaruka pengo kwa njia ya hewa iliyochemka, na ule mwali mfupi unaouona kwenye upenyo wa swichi ndio huo. Katika umeme wa mkondo geu (AC) wa hezi 50, mkondo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila unapopita sifuri mwali hupata nafasi ya kufa. Pengo na springi ya swichi hupangwa ili mwali ufe mapema kabla haujazila kontakti, ambazo kwa kawaida zimepakwa aloi yenye madini ya fedha. Mkondo ukizidi kile kilichokusudiwa, kila kuzima kunang'oa madini zaidi, na siku moja kontakti zinaganda pamoja, kitufe kinakuja juu nawe unaamini umezima, kumbe umeme bado unapita.

Sasa turudi kwenye wazo la kuunganisha poli mbili sambamba. Kwa karatasi linapendeza: ampea 26 zigawanywe kwa mbili, kila poli ibebe 13. Lakini mkondo haugawanyiki kwa haki, hufuata ukinzani. Poli moja ikiwa na miliomu 2 na nyingine miliomu 6, jambo la kawaida kabisa kati ya kontakti mbili za swichi ileile, ya kwanza itabeba ampea 19.5 na ya pili 6.5. Tayari poli ya kwanza iko ukingoni. Urefu na unene wa vipande vya waya unavyoviungia nao huingia katika hesabu hiyo, na skrubu moja isiyokazwa vizuri inatosha kuupindua mgawanyo wote. Ni kweli kwamba chuma kikipata moto ukinzani wake huongezeka kidogo na kusukuma sehemu ya mkondo upande wa pili, na kwa hiyo mgawanyo hujirekebisha kwa kiasi. Lakini marekebisho hayo ni madogo mno kuyategemea.

Kinachonitisha zaidi ni kile kinachotokea wakati wa kuwasha na kuzima. Poli mbili hazigusani wala haziachani katika nukta moja ya wakati. Moja hutangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ile inayochelewa kuachana ndiyo inayokata ampea zote 26 peke yake. Kwa upande wa cheche, basi, hujapata faida yoyote: una swichi ya ampea 20 inayokata 26 kila siku, na kwa kuwa ni poli ileile inayochelewa kila mara, ndiyo hiyo inayoliwa kila mara. Ukiifungua swichi iliyotumika hivyo kwa muda, usishangae kukuta upande mmoja umeungua mweusi na mwingine ukimetameta kama mpya. Halafu poli moja ikifa kabisa, hita haizimi. Maji yanaendelea kupata moto, na poli iliyobaki inabeba mzigo wote kimya kimya, bila ishara yoyote hadi plastiki inapoanza kunuka.

Msomaji makini anaweza kunipinga kwa kusema kwamba watengenezaji wa kontakta, yaani swichi zinazoendeshwa na koili ya umeme badala ya mkono, hukubali kuunganisha poli sambamba. Ni kweli, na ni haki kulisema hilo. Katika baadhi ya katalogi utakuta vizidishi, kwa mfano 1.6 kwa poli mbili na 2.25 kwa poli tatu. Ukipiga 20 mara 1.6 unapata 32, na utasema kwamba 32 inatosha kwa 26. Lakini angalia mambo matatu. Kizidishi si 2 wala 3, maana hata mtengenezaji anakiri kwamba mgawanyo si sawa. Pili, kinahusu mzigo wa kupasha joto kwenye kontakta iliyopimwa kwa kazi hiyo, ikiwa na vipande rasmi vya kuunganishia poli, na hakiongezi uwezo wa kukata mkondo mkubwa. Tatu, kizidishi hicho ni cha kontakta ile iliyotajwa, si cha swichi yoyote ya ukutani yenye poli mbili. Kama karatasi ya swichi yako haisemi neno juu ya kuunganisha sambamba, chukulia kwamba jibu ni hapana.

Na hata kama hesabu ingekubali, ungekuwa umepoteza jambo lililokufanya ununue swichi ya poli mbili. Hita ni chombo cha maji, na swichi ya poli mbili huwekwa ili ukizima, waya wa moto na nyutro vyote vikatike, mtu asafishe tangi au abadilishe elementi bila waya wowote wa umeme kubaki umeunganishwa nacho. Ukizitumia poli zote mbili kwa waya wa moto, nyutro inabaki imeungwa. Nyutro hiyo inaweza kuwa na volti endapo kuna hitilafu mahali pengine kwenye mfumo, au ikiwa mtu aligeuza waya nyuma huko.

Labda unajiuliza kama breka haitakuokoa. Haitakuokoa, kwa sababu breka haijui kama swichi ipo. Ukiweka breka ya ampea 32 ili hita ifanye kazi, breka hiyo haina sababu ya kuruka kwa ampea 26, na swichi ya ampea 20 itachemka chini ya ulinzi ambao hauihusu. Ukiweka ya ampea 20 ukidhani itakulinda, fahamu kwamba breka za majumbani zinazotengenezwa kwa kiwango cha IEC 60898 haziruhusiwi kuruka ndani ya saa moja kwa mkondo wa mara 1.13 ya namba yake, na zinalazimika kuruka ndani ya saa moja unapofika mara 1.45. Ampea 26 ni mara 1.3 ya 20, katikati ya mipaka hiyo. Breka inaweza kuvumilia muda mrefu, kisha iruke wakati umejipaka sabuni, iwashwe tena, na mzunguko huo uendelee huku swichi ikiungua polepole. Kila kitu kilichopo kati ya breka na hita, yaani kebo, swichi na viungo, lazima kiwe na uwezo usiopungua namba ya breka.

Tuje kwenye maandishi ya swichi zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi huona namba kubwa kuliko zote na kuacha kusoma. Ampea hazina maana bila volti na bila aina ya mzigo. Swichi moja inaweza kuandikwa 15 A 125 V na chini yake 10 A 250 V. Hizo ni hali mbili tofauti za swichi ileile, hazijumlishwi wala huchagui unayoipenda. Ukiona 16(4) A 250 V~, namba ya nje ni ya mzigo wa kupasha joto na ya ndani ya mabano ni ya mota. Ukiona mkwaju, kama 10/100 A, namba ya pili ni kilele cha mkondo wa papo kwa papo ambacho swichi inaweza kustahimili mzigo wenye kapasita unapowashwa; si ruhusa ya kupitisha ampea 100. Herufi AX baada ya ampea, kwa mfano 10 AX, huonyesha kwamba swichi imepimwa kwa taa za mirija, ambazo hudai mkondo mkubwa ghafla zinapowashwa. Alama ya wimbi baada ya V ni ya mkondo geu, na alama ya mstari mnyoofu wenye vistari chini yake ni ya mkondo mnyoofu (DC), kama ule wa betri na paneli za jua.

Swichi yako ya kuzungusha inasomwa kwa mtindo huohuo, ila kwa lugha ya viwandani. Ith 40 A ni mkondo ambao kila poli inaweza kubeba kwa muda mrefu bila kupata joto kupita kiasi, ikiwa katika hewa ya wazi. Haisemi chochote kuhusu kuwasha na kuzima. Ukiifungia ndani ya kasha, thamani inayohusika ni Ithe, ambayo inaweza kuwa ndogo zaidi. AC-21A 40 A inamaanisha kwamba unaweza kuwasha na kuzima ampea 40 za mzigo wa kupasha joto. AC-22 ni kwa mizigo mchanganyiko. AC-23A 22 A ni kwa mota, na herufi A mwishoni inasema kwamba imekubalika kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Ingekuwa B, ingekuwa ni kwa kuzimwa mara moja moja. Ukiwahi kukutana na AC-20 peke yake, hiyo ni swichi ya kutenga tu: haitakiwi kuguswa wakati mzigo unavuta umeme.

Kwa pampu, basi, namba yako ni 22, tena kwa kila poli, na volti iliyoandikwa kando yake lazima ilingane na ya kwako. Sababu ya kushuka kutoka 40 hadi 22 ni tabia ya mota. Inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida, na inapozimwa koili zake hukataa mkondo ukatike, zikirefusha mwali kati ya kontakti. Mota ya kilowati 11 kwa volti 400 huvuta ampea 21 hadi 22 hivi, kwa hiyo swichi yako imetengenezwa kwa kiasi hicho. Linganisha namba ya ampea iliyo kwenye kibao cha mota na 22. Usihangaike na 40.

Kuna mambo mawili ya poli nyingi ambayo hukuyauliza lakini yatakufaa. La kwanza ni nyutro ya swichi ya poli nne. Wengi hudhani kwamba haibebi mzigo wa maana kwa kuwa mikondo ya fezi tatu hufutana. Hufutana kama mizigo iko sawa na ni ya kawaida. Vifaa vya kielektroniki, kama kompyuta na taa nyingi za LED, huchota mkondo kwa vipande, na sehemu ya vipande hivyo kutoka kila fezi hujumlishana kwenye nyutro badala ya kufutana, kiasi kwamba nyutro inaweza kufikia na hata kuzidi mkondo wa fezi. Ndiyo maana poli ya nyutro isiwe hafifu kuliko nyingine mahali penye mizigo ya namna hiyo. Swichi nyingi nzuri za poli nne hupangwa pia ili nyutro iungane kabla ya fezi na iachane baada yake, maana nyutro ikikatika mapema fezi zikiwa hai, vifaa vya fezi moja hupigwa na volti zisizo zao.

La pili ni kuacha poli bila kutumia. Kutumia poli mbili za swichi ya poli tatu kwenye fezi moja si kosa. Lakini kifaa kikiwa ni breka ya kulinda mota, nyingi hutambua fezi iliyopotea, na poli moja ikiwa tupu kitadhani fezi imekatika na kuruka mapema; hapo mtengenezaji huelekeza mkondo upitishwe poli zote tatu kwa mfululizo.

Kuhusu paneli za jua na betri, jibu langu ni kali kidogo: usitumie swichi ya mkondo geu kwenye mkondo mnyoofu isipokuwa imeandikwa namba yake ya mkondo mnyoofu. Mkondo huo haupiti sifuri kamwe, kwa hiyo mwali ukishaanza hauna pa kufia. Hudumu hadi pengo liwe pana vya kutosha au plastiki iyeyuke. Swichi inayokata ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu bila shida huenda kwa mkondo mnyoofu ikaruhusiwa volti 30 tu. Na hapa poli nyingi zina kazi ya kweli: zikiunganishwa kwa mfululizo, mwali hugawanywa katika mapengo mawili, matatu au manne, na swichi inaweza kukata volti kubwa zaidi. Zingatia kwamba zinaongeza volti, ampea zinabaki zilezile. Mchoro wa kuunganisha hutolewa na mtengenezaji, na swichi za paneli huwa na alama kama DC-PV1 au DC-PV2. Mfululizo wa paneli unaweza kuwa na volti mia kadhaa mchana kutwa, na hakuna breka ya kulizima jua.

Kwa hita yako, chaguo ninaloliona kuwa bora ni swichi ya poli mbili ya ampea 32 au zaidi, iliyoandikwa volti 250 za mkondo geu, pamoja na breka ya 32 na kebo inayolingana nayo. Unene wa kebo usiamuliwe kwa macho. Unategemea urefu, mahali inapopita na joto la hapo. Kama ungependa kitufe kidogo au saa ya kuwashia, njia nyingine ni kontakta ya poli mbili inayobeba mzigo, huku kitufe kikiendesha koili yake tu, ila ni kazi na sehemu za kuharibika zaidi kwa hita moja. Chaguo la tatu ni kununua hita ndogo: kwa volti 230, ampea 20 ni wati 4,600. Binafsi singeijaza swichi hadi ukingoni kwa mzigo unaowaka saa nzima. Hita ya wati 4,000 ingekaa vizuri. Swichi uliyonayo si mbovu, itafute kazi inayolingana nayo.

Ufungaji wenyewe mwachie fundi umeme mwenye leseni, na umwombe akuonyeshe maandishi ya swichi, ya breka na ya kebo kabla hajafunika. Akisema poli zinajumlishwa, tafuta mwingine. Kama swichi hiyo tayari imefungwa na imekuwa ikitumika, zima breka sasa na usiiwashe tena kabla haijakaguliwa, hasa ukiona uso wake una joto mkononi, plastiki imegeuka rangi, kuna harufu ya kuungua, mvumo ndani yake, au kitufe kinachohitaji kusukumwa mara mbili. Waya zilizokuwa zimechomekwa humo zikatwe zile ncha zilizoiva na kukauka kabla ya kuingizwa kwenye swichi mpya, kwa sababu shaba iliyoungua ikibanwa kwenye skrubu mpya inaanzisha joto lilelile upya.